Mwenyekiti na Vijana wa Kuangaliwa

Mtaa wetu uko Ukunda, nyuma ya barabara kuu, na kwa miaka mingi ulilindwa na mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu. Tulimwita Mwenyekiti. Jina lake tulilijua, lakini aliyelitumia alijulikana papo hapo kuwa ni mgeni au ametumwa na serikali. Alikozaliwa sikuwahi kumwuliza, na yeye, aliyekuwa akiuliza kila mtu kila kitu, hakuwahi kunieleza.

Alikuwa mwenyekiti wa nyumba kumi, ingawa nyumba zenyewe zilikuwa zimepita mia. Alisema kumi ni jina tu, kuhesabu ni kazi ya watu wa sensa.

Mimi ni fundi wa cherehani. Alinifanya katibu wake kwa sababu mbili: nina mwandiko mzuri, na kibaraza changu kinatazama njia panda, kwa hiyo hata nisipotaka naona. Sikuombwa. Alikuja na daftari, akaliweka juu ya kitambaa cha mteja, akasema, "Fundi, umeshateuliwa. Sema Alhamdulillahi." Nikasema. Ningefanyaje?

Kwenye baraza la chifu ndiye aliyekuwa akisoma hali ya uhalifu wa mtaa. Wenyeviti wengine walisimama na kulalamika kwa jumla jumla, vijana wameharibika, dunia imekwisha. Yeye alisoma vitu. "Hali ya usalama kwetu ni nzuri, isipokuwa pale ilipo mbaya. Kuku wawili wa Mama Zuhura wameibwa. Mmoja ameonekana, wa pili ameliwa. Mtungi wa gesi wa mwalimu wa chekechea, bado unatafutwa. Suruali moja ya jinzi imetolewa kwenye kamba na imerudishwa, kwa kuwa haikumtosha mwizi."

Chifu akamwuliza amejuaje kama haikumtosha.

"Aliyeirudisha ni mnene, mheshimiwa."

Mwenye suruali mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameivaa.

Siku alipoteuliwa walimpa filimbi na tochi. Tochi aliipenda. Filimbi hakuweza kuipuliza kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yamekwenda zake, akaitia kwenye mkebe wa iliki ili isipotee. Niliwahi kumwambia kwamba siku ya hatari hatutakuwa na cha kupuliza. Akasema siku ya hatari watu wa mtaa huu wanajua kupiga kelele bila chombo.

Silaha yake hasa ilikuwa sahani. Mpangaji mpya akihamia, siku ya tatu Mwenyekiti hubisha hodi na sahani ya kaimati iliyofunikwa kwa kawa. Huketi, husifu pazia, huuliza. Unatoka wapi, unafanya kazi gani, unarudi saa ngapi, huyu ni mkeo wa ndoa au bado mnazungumza? Mgeni akimaliza kaimati anadhani amekaribishwa, kumbe amechunguzwa. Halafu sahani lazima irudi. Hapo ndipo Mwenyekiti alipokuwa akimaliza upelelezi wake. "Akiirudisha tupu, amekulia mjini, tutamfundisha. Akiirudisha na kitu ndani, hata ndimu mbili, huyo ana mama. Asiporudisha kabisa, fundi, mwandike."

Walipojenga yale magorofa karibu na njia ya kuelekea Diani, wakaja watu wa bara, wafanyakazi wa mahoteli na wa maofisi, watu wazuri tu, lakini wenye geti. Mwenyekiti akabeba sahani. Askari wa getini akamwomba kitambulisho. "Kitambulisho changu mimi?" akasema. "Mwanangu, mimi ndiye ninayekuandika wewe." Askari akasema sheria ni sheria, mathee. Mwenyekiti akamwachia sahani aipeleke juu. Askari akala kaimati zote pale pale kwenye kiti chake. Nilitegemea Mwenyekiti atakasirika, lakini alirudi akichekelea. "Basi, askari tumeshamjua. Bado wale wa ndani."

Wa ndani hatukuwajua kamwe. Hilo ndilo lililotuponza, na mimi nikaongeza langu.

Kabla sijafika huko niseme haki: hakuwa malaika. Alihubiri makufuli mwaka mzima, lakini mlango wake wa mbele ulikuwa pazia. Kabati la sufuria, hilo lilikuwa na kufuli zito la dukani. Nilipomwuliza alinishangaa. "Mwizi huingia akatoka. Jirani huazima." Alichukia umbea, ila umbea ukiletwa kwake asubuhi kabla ya chai uliitwa taarifa. Na alikuwa na ulimi wa kutisha. Mume wa Mama Zuhura alipokuja kushtaki kwamba mkewe amempiga, Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza, "Na wewe ulikuwa umefanya nini ukastahili kidogo hivyo?"

Kisha kulikuwa na uwongo wake. Alisali sala zote, na akiulizwa na polisi kama anamjua mtoto wa fulani alijibu hamjui, na huyo mtoto yuko jikoni kwake anakula ugali. Nilimwambia, Mwenyekiti, si dhambi hiyo? Akasema, "Nimesema simjui. Nani anayemjua binadamu kwa hakika ila Mola?" Kijana akishashiba alimpeleka kituoni mwenyewe, kwa miguu, amemshika mkono, akaketi kwenye benchi mpaka maelezo yameandikwa na yamesomwa. "Mwizi ana njaa au ana tabia," alikuwa akisema. "Njaa tunaiweza sisi. Tabia tumpelekee chifu. Lakini kwanza mlisheni, mjue ni ipi."

Haya, sasa orodha.

Mwaka ule kulizuka vijana wa mapanga. Wanakuja kumi au kumi na watano, wanafagia njia nzima, simu, mikoba, anayechelewa kutoa anakatwa. Sitaki kuandika kana kwamba sisi tulikuwa mashujaa. Mimi nilikuwa nafunga cherehani kabla ya magharibi. Watu waliacha kwenda msikitini isha. Kwenye simu tulikuwa na vikundi viwili: kimoja cha akina mama wa mtaa, cha misiba na harusi, cha pili cha usalama, kilichoanzishwa na watu wa magorofani, ambacho kila siku kilikuwa na picha ya mtu fulani iliyopigwa kwa nyuma akitembea, na chini yake maneno: huyu ni nani?

Siku moja Mwenyekiti akaniita. Alikuwa ameandika majina matano kwenye daftari kwa kalamu yake ya buluu. Vijana watano wa mtaani, wote nawajua. Mmoja mamake amelala kitandani tangu mfungo sita. Wawili ni ndugu, baba kaenda Bara Arabu, hajaleta habari. Wawili waliacha shule. Juu yake ameandika: *Vijana wa kuangaliwa.*

Kwetu pwani neno hilo lina kazi nyingi. Mgonjwa huangaliwa. Mtoto wa jirani huangaliwa mamake akienda sokoni. Mzee aliyebaki peke yake huangaliwa, apelekewe maji, aulizwe amelalaje. Na mwizi naye, ni kweli, huangaliwa.

"Nataka akina mama wagawane," Mwenyekiti akasema. "Huyu ale kwa huyu, huyu atafutiwe kazi kwa fundi seremala, huyu arudishwe shule. Tuwaangalie sisi kabla hawajaangaliwa na wale wenye mapanga. Wale hawachelewi. Piga nakala, wapelekee akina mama."

Nikachukua daftari nyumbani kunakili. Na hapa ndipo penyewe.

Nina ndugu mmoja tu aliyebaki, mdogo wangu Rama. Mama alimwacha ana miaka tisa, nikamlea mimi, na nusu ya malezi hayo aliyafanya Mwenyekiti, kwa sababu mimi nikishona mpaka jioni Rama alikuwa akila kwake. Rama hakuwa na tabia wala njaa. Alikuwa mkwezi. Kazi yake ilikuwa kukwea minazi ya mahoteli na kuangua nazi zote, madafu na kavu, ili zisimwangukie mgeni kichwani. Kazi ya heshima, lakini mimi kila akitoka asubuhi na kamba yake begani na panga kiunoni nilikuwa najiona nimeshaletewa habari ya kwamba ameanguka. Nilimsihi aache. Alicheka. Nikawaza, akina mama wakimshika, wakamtafutia kazi ya chini, atawasikiliza wao.

Kwenye nakala nikaandika jina lake la sita.

Kisha nikafikiri, akina mama ni maskini kama mimi. Wale wa magorofani ndio wenye maofisi na nafasi za kazi. Nikatuma orodha kwenye vikundi vyote viwili. *Vijana wa kuangaliwa, kwa idhini ya Mwenyekiti.* Majina sita, mwandiko mzuri, nimeupiga picha juani usomeke vyema. Daftari nikamrudishia Mwenyekiti, nikaona nimefanya kazi.

Kwenye kikundi cha akina mama walijibu Mungu awajaze kheri. Kwenye kile cha usalama walijibu asante sana, hatimaye. Mtu akauliza: huyu wa sita si yule anayepita hapa chini kila asubuhi na panga? Mwingine akaleta picha, imepigwa kutoka roshani. Ni Rama, mgongo, na panga linaonekana vizuri. Mimi ujumbe huo niliuona jioni nikipika. Nilidhani wanamtambua ili wamsaidie. Wallahi nilifurahi.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, nikasikia kelele upande wa geti. Nikakimbia na utepe wa kupimia bado shingoni.

Walikuwa wamemzunguka. Si majambazi, ni watu waliovaa mashati ya kazini, wengine na vitambulisho vya ofisi vinaning'inia. Rama yuko chini, kamba yake imemfunga miguu, nadhani alijikwaa nayo akikimbia, na mmoja ameinua tofali. Nilipiga ukelele, hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa fundi tu aliye nyuma ya watu.

Mwenyekiti alikuja na mswaki mdomoni. Hakukimbia, magoti hayakumruhusu. Alipita katikati yao akisema, "Samahani, baba. Nipishe, mwanangu," akafika, akaketi chini kwenye mchanga, miguu ameinyosha, kichwa cha Rama akakitia mapajani. Akatoa daftari kwenye kanga. Akamtazama yule mwenye tofali.

"Jina lako nani, baba?"

Yule akawatazama wenzake.

"Unakaa nyumba namba ngapi? Naandika waliohudhuria. Huyu kijana akifa, nitaulizwa walikuwapo kina nani, na mimi sipendi kukosea."

Mwanamke mmoja wa magorofani, simu mkononi, akamwonyesha orodha. "Lakini ni wewe mwenyewe uliandika, mama. Wa kuangaliwa."

"Nimeandika wa kuangaliwa. Umeona nimeandika wa kupigwa?"

"Sasa kuangaliwa ni nini?"

"Kwetu mtu huangaliwa kwa sahani ya wali," Mwenyekiti akasema. "Jina lako nani, mwanangu?"

Aliuliza hivyo mtu mmoja mmoja, kwa upole, akilowesha kalamu ulimini. Kabla hajafika wa nne walikuwa wameanza kukumbuka kwamba wamechelewa kazini. Tofali likawekwa chini taratibu, ukingoni mwa njia, kama mali ya mtu.

Rama alilala hospitali ya Msambweni karibu mwezi. Bega la kulia lilivunjika na lilipounga, mkono ukawa haupandi kupita sikio. Kukwea ndiyo basi tena. Nilitaka aache kukwea na ameacha.

Kwenye baraza lililofuata kila mtu alitaka kujua orodha ilitokaje. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya Mwenyekiti, kalamu mkononi, naandika kumbukumbu za kikao. Nilikuwa nimeazimia kusema. Naapa nilikuwa nimeazimia. Mwenyekiti akasimama kabla yangu. "Orodha ni yangu, na majina yote sita ni yangu. Fundi alinakili tu alichopewa. Nimekosea neno, na mwenye kukosea neno hafai kukaa hapa." Akaliweka daftari mezani.

Nami nikaandika. Maneno yapo hadi leo kwenye faili la chifu, kwa mwandiko wangu mzuri: *Mwenyekiti amekiri kwamba majina yote sita ni yake, na amejiuzulu.*

Rama alipotoka hospitali hakutaka kumsikia Mwenyekiti. "Nimekula kwake tangu mtoto," alikuwa akiniambia, nami namwogesha, kwa kuwa hata shati hakuweza kuvua. "Nimemwangulia madafu bure. Ananitia kwenye orodha ya wezi!" Mwenyekiti alikuja kumtazama mara mbili. Mara zote mbili Rama aligeukia ukutani. Mara ya tatu hakuja. Mwezi ule ule akahamia Kibuyuni kwa bintiye anayelima mwani. Nilimfungia mizigo mimi. Kufuli la kabati alilichukua, kabati akaliacha. Mtaani alikuja mwenyekiti mpya, mwanamume, anaipuliza filimbi vizuri sana, na kuku wanaibwa vile vile.

Ilipita miaka miwili. Rama akanunua pikipiki, akawa anabeba abiria, tukawa tunacheka tena mimi na yeye jikoni, na kila tukicheka mimi nakatika katikati. Mwaka huu, baada ya Idi, nikamwambia anipeleke Kibuyuni. Akajua ninakwenda kwa nani. Alinipeleka kwa sababu ni mimi niliyeomba, lakini alisimama barabarani, mashine inanguruma, akasema hapo ndipo mwisho wake.

Nilimkuta uani juu ya mkeka, anatoa kamba kwenye mwani mkavu. Amekonda.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, fundi. Mwenyekiti wa nini tena? Wa mwani?" Akanisogezea kigoda.

Sikuketi. Nikasema jina la sita niliandika mimi.

"Najua," akasema. "Nimeandika matano kwa mkono wangu, nikaona sita kwenye simu ya watu. Nisijue?"

"Mbona ulisema ni yako?"

Akaendelea na kamba zake. "Kijana alikuwa amevunjika. Alihitaji mtu wa kumchukia na mtu wa kumwogesha. Mtu mmoja hawezi kazi zote mbili, fundi. Nikaona ya kuchukiwa naiweza mimi. Nina uzoefu."

Nikalia. Nilikuwa nimejiapiza sitalia.

"Nitamwambia leo," nikasema. "Yuko pale juu barabarani."

"Usimwambie. Mimi nimebakiza siku ngapi? Wewe una ndugu mmoja."

Akanyosha shingo kuelekea barabarani, ambako kutoka uani pale huoni kitu, ila kichaka tu. "Ndiyo pikipiki yake hiyo inayonguruma?"

"Ndiyo."

"Amenenepa?"

"Kidogo."

"Anakula? Maana yule bila samaki wa kupaka alikuwa hamalizi wali." Akazidi kunyosha shingo, magoti yakamzuia kuinuka. "Mwambie azime, anamaliza mafuta."

Nikapanda hadi barabarani. Nikamwambia Rama yote, nikiwa nimesimama, bila kupunguza: jina, vikundi viwili, baraza, nilichoandika. Alinisikiliza akitazama mita ya pikipiki. Mwisho akauliza swali moja, kwa nini nilimtia.

"Niliogopa utaanguka," nikasema.

Akazima. Akatoa ufunguo. Akateremka njia ile ya uani, upesi, mkono wa kulia umening'inia vile unavyoning'inia, hakugeuka. Mimi nikabaki na pikipiki. Baada ya alasiri binti wa Mwenyekiti akapanda kuniambia kwamba Rama analala huko, nami mama amesema nipande gari kabla magari hayajaisha.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Rama amepanga chumba upande wa pili wa barabara. Kibuyuni huenda kila Ijumaa. Kwangu hajaja. Akishaondoka, Mwenyekiti hunipigia simu. Huniambia amekula nini, amekaa kwa muda gani, bega linamwuma au halimwumi. Ijumaa iliyopita nilimwuliza kama amenitaja.

"Bado," akasema. "Lakini amekula sahani mbili."